Kiti cha Nyuma cha Mwalimu Masatu

Kwenye gereji ya Luqmani pale Nyasho, Musoma, mgeni hakai anapotaka, hukaa anapostahili. Wa kuulizauliza bei hupewa ndoo iliyopinduliwa. Dereva wa bodaboda hupewa kreti la soda. Lakini mteja wa maana, mwenye kazi ya kueleweka, alikuwa akikaribishwa kwenye kiti cheusi cha ngozi, kinene, kilichoshonwa kwa vifungo, ambacho Luqmani alikichomelea miguu mitatu ya nondo. Ukikikalia ulisikia raha, kisha ukauliza kimetoka wapi. Hapo Luqmani aliweka spana chini. Alipenda sana kuulizwa.

Kilikuwa kiti cha nyuma cha pikipiki ya Mwalimu Masatu. Luqmani mwenyewe ndiye aliyekifungua mwaka 2011, ili mtu yeyote asije akakikalia barabarani, na kwa miaka kumi na minne aliisimulia habari hiyo kwa kifua mbele. Mwaka huu aliacha kuisimulia. Kiti chenyewe hakipo tena gerejini, na wateja wa maana siku hizi wanakalia kreti kama wengine.

Luqmani ana miaka hamsini na minne. Baba yake alikuwa fundi cherehani, Mmanyema aliyekuja Musoma kwa wiki moja na asiondoke tena, na mama yake alikuwa Mjita. Ni mtu wa mwili uliojaa, mikono mipana, na maneno mengi kuliko nati zilizomo gerejini mwake, ambazo si chache. Kazi yake ya kila siku ni bodaboda. Pikipiki hizo zina silinda moja, kabureta moja, plagi moja, na yeye anaweza kuifungua na kuifunga huku anagombana na mtu kwenye simu. Nafasi ya vali anaipima kwa wembe mpya wa kunyolea: ukipita kwa kukwaruza kidogo, basi. Kwa vali ya kutolea moshi, ambayo inataka nafasi zaidi, anaweka wembe pamoja na karatasi ya pakiti ya sigara. Usimcheke. Pikipiki alizozipima kwa wembe zinatembea mpaka leo kutoka Suguti hadi Bugwema, na wenye vipimo vya dukani wanamletea zao.

Pikipiki ya Mwalimu ni habari nyingine. Ni kubwa, ndefu, imelala chini, ya Kijapani ya miaka ya tisini, iliyoletwa na mhandisi mmoja wa migodini. Mhandisi alipomaliza mkataba alimuuzia Masatu, aliyekuwa akifundisha hesabu Suguti. Ina silinda mbili zilizoachana kama vidole vya mtu anayeagiza chai mbili toka mbali. Haina rejeta wala maji. Inapoozwa na upepo tu, unaopita kwenye mapezi ya chuma yanayozizunguka silinda, na mapezi hayo Luqmani huyachokoa kwa kijiti na mswaki wa zamani, maana wadudu wa ziwani wakitoka kwa wingi hunasa humo wakakaangika, upepo ukakosa njia. Petroli ndiyo chakula chake, husema, na upepo ndio maji yake ya kunywa.

Siku ya kwanza alipoiona alizizungukia silinda zile mara tatu, akazibatiza. Huku kanda ya ziwa mapacha hawasumbuliwi na kutafutiwa majina: anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Ya mbele akaiita Kulwa na ya nyuma Doto. Mwalimu alifurahi, jina likashika, na Luqmani mwenyewe akaanza kuitwa Fundi Mapacha. Mtu akipewa jina zuri huwa anajitahidi kulistahili, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

Maana mapacha wana sheria yao. Ukimnunulia Kulwa shati, Doto naye apate la kitambaa hichohicho. Ukimpa mmoja kichwa cha sato, tafuta kichwa cha pili. Ukibagua, wazee wanasema, mmoja ataugua. Luqmani alikulia jirani na nyumba ya mapacha na aliiona sheria hiyo ikifuatwa kila siku, hata kwa pipi.

Sasa, kila silinda ya pikipiki ile ina kabureta yake, na ndani ya kila kabureta mna jeti. Jeti ni kipande cha shaba kidogo kuliko punje ya mahindi, chenye tundu katikati linalopimia petroli, na namba imepigwa ubavuni. Namba ikiwa kubwa, tundu ni kubwa. Luqmani alipozifungua kwa mara ya kwanza, akazisogeza juani, akaona jeti ya Kulwa ni 120 na ya Doto ni 125.

"Nani huyu aliyewabagua watoto?" akasema kwa sauti, na gereji nzima ikacheka.

Akahukumu kwamba kuna fundi mbabaishaji aliyemtangulia. Akachakura kwenye vyuma chakavu vyake, akapata 120 nyingine nzima, akamwekea Doto. Ile 125 akaitia kwenye kopo la dawa ya viatu pamoja na vijiti na vispringi vingine, kwa kuwa fundi wa kweli hatupi kitu. Halafu akafanya jambo ambalo fundi mwingine mjini asingeliweza: akachukua mipira miwili ya dripu iliyokwisha kutumika, akaijaza oili nusu, akaifunga ubaoni na kuiunganisha kwenye kabureta zote mbili, akawa anaangalia oili inavyopanda na kushuka mpaka ikasimama sawa kushoto na kulia. Hewa sawa, petroli sawa. Alimrudishia Mwalimu pikipiki inayonguruma kama imetoka dukani jana, na alistahili sifa alizopewa, isipokuwa kwa kitu kimoja.

Wiki iliyofuata Mwalimu alimpakia mkewe waende Butiama, kwao mke. Mkewe ni Marcelina, nesi wa kliniki ya watoto, ambaye mtaani wanamwita Mama Mugeta kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Walikwenda vizuri mpaka kwenye kilima cha kuingia Butiama. Hapo silinda ya nyuma ikaanza kugonga, nguvu ikaisha, harufu ya chuma cha moto ikatapakaa. Wakasukuma. Mama Mugeta aliingia kwao na viatu vya misa mkononi, jasho linamtiririka, na wifi zake wakaona vyote.

Luqmani alichomoa plagi ya Doto. Ilikuwa nyeupe, rangi ya jivu. Ya Kulwa ilikuwa ya kahawia, kama inavyotakiwa. Akaishika ile nyeupe kwa vidole viwili na kutoa hukumu mbele ya wenyewe.

"Mwalimu, huyu Doto yuko nyuma ya mwenzake. Upepo haumfikii, halafu joto la kaka yake lote linamjia yeye. Ukiwa peke yako, sawa. Ukibeba mtu, kwenye mlima, atakufa. Hii ni pikipiki ya mtu mmoja."

Mama Mugeta alikuwa amesimama pembeni. "Ya mtu mmoja," akauliza, "na viti viwili?"

"Viti ni urembo tu, Mama," Luqmani akamjibu, akafungua cha nyuma palepale.

Hakuna aliyebisha. Fundi Mapacha alikuwa amesema. Tangu siku hiyo Mwalimu alikwenda popote kwa pikipiki na mkewe akaenda kwa gari. Mama Mugeta aliipachika pikipiki jina la mke mwenza, akawa anaiulizia hali kila asubuhi. Utani huo ulikuwa mtamu mpaka Agosti ya mwaka 2015.

Siku hiyo simu ilipigwa kutoka Butiama saa moja asubuhi: mama yake Marcelina amezidiwa, wahini. Mwalimu aliondoka na pikipiki saa moja na nusu, na saa mbili na nusu alikuwa mlangoni kwa mkwewe. Mama Mugeta alikimbilia stendi ya Bweri, akapanda gari la kwanza, na gari la kwanza lilikuwa na abiria watatu. Huondoka likijaa. Lilijaa saa tatu na nusu. Kule Butiama yule mama mgonjwa alikuwa anamtaja binti yake, na aliyekuwepo kumwitikia ni mkwe, mwanaume ambaye kwa adabu ya kwao hakupaswa hata kukaa chumba kimoja naye. Alikata roho saa nne kasorobo. Binti aliingia saa tano kasorobo.

Luqmani alikwenda kuzika. Alimpa mkono Mama Mugeta, akasema maneno yanayosemwa, akarudi Nyasho. Haikumpitia kichwani hata kidogo kwamba msiba ule una kitu chochote cha kumhusu.

Miaka kumi ikapita hivyo. Mwalimu alistaafu, mkewe naye akastaafu, na pikipiki ikawa inaletwa gerejini mara mbili kwa mwaka. Kisha Julai mwaka huu akapigiwa simu na Clever, fundi wa bodaboda wa Nyasura, kule Bunda.

"Fundi, kuna pikipiki hapa imekwama, iko kama ile ya Mwalimu. Silinda mbili. Mimi siigusi. Njoo na vile vimipira vyako."

Luqmani alikwenda Bunda amevaa shati la kutokea. Akaikuta kweli, ndugu wa damu wa ile ya Mwalimu, rangi tu tofauti. Mwenyewe alikuwa Mkenya wa Kisii, jina lake Enos, mtu mpole mwenye mvi, anakwenda Mwanza. Na kwenye kiti cha nyuma, amekaa ametulia anakula muwa, alikuwepo mke wake, mama wa mwili wa kutosha, na mabegi mawili yamefungwa ubavuni.

Luqmani alisahau hata salamu. "Unabeba mtu kwenye hii? Na mizigo? Silinda ya nyuma itakufa, bwana!"

Enos akacheka. "Huyu nimembeba tangu tuoane. Tumeenda na yeye mpaka Mbeya. Shida ni petroli inamwagika tu."

Ilikuwa kazi ndogo. Taka zimekaa chini ya kijisindano cha kuzuia petroli kwenye kabureta ya nyuma. Luqmani alipotaka kufungua skrubu akaona zina rangi ya manjano juu ya vichwa, ile inayopakwa kiwandani kuonyesha hazijaguswa.

"Hii imeshawahi kufunguliwa?"

"Haijawahi. Nimeinunua ikiwa mpya, na mimi ndiye dereva pekee."

Akafungua. Akaitoa jeti, akaisogeza juani: 125. Akasema afungue na ya mbele, aisafishe bure kabisa. Clever alishangaa, maana Luqmani si mtu wa bure. Ya mbele ilikuwa 120.

Akakaa chini, palepale kwenye vumbi, na shati la kutokea. Hakuhitaji mtu amfafanulie. Doto yuko nyuma, ndiyo. Joto linamjia, ndiyo, hayo yote alikuwa amesema kweli. Na waliomtengeneza walijua hayo kabla yake, wakamwongezea petroli kidogo ili apoe. Hakukuwa na fundi mbabaishaji aliyemtangulia. Mbabaishaji alikuja baadaye, kutoka Nyasho. Akiwa peke yake, mwendo wa taratibu, Mwalimu asingeona tofauti. Ni kilima na mtu wa pili ndivyo vilivyokuwa vinadai kile kidogo kilichopunguzwa.

"Kuna tatizo?" Enos akauliza.

"Kwako hakuna," Luqmani akasema.

Kwa wiki tatu alikuwa mtu wa kununa. Mkewe, Hasna, alimuuliza kama anaumwa, akajibiwa ni joto. Lile kopo la dawa ya viatu lilikuwepo rafuni, na ile 125 ilikuwemo ndani, inang'aa, imengoja miaka kumi na minne bila kudai chochote. Kuibadilisha ni kazi ya robo saa. Na Luqmani, tusimsingizie wema asiokuwa nao, alikwisha pata njia ya kutokea: Mwalimu akija, ataibadilisha kimya, kisha atasema ameiongezea nguvu. Mwalimu atafurahi, mkewe atapanda, na Fundi Mapacha atazidi kuwa Fundi Mapacha. Sentensi ilikuwa tayari, aliifanyia mazoezi hadi msalani.

Mwalimu alikuja Jumanne, kabla ya Jumamosi ya misa ya kumbukumbu ya mkwewe, miaka kumi tangu afe. Luqmani akamwaga oili, akapima vali kwa wembe, akachokoa mapezi, akafungua kabureta ya nyuma na kumrudishia Doto haki yake. Akaijaribu kwenye mwinuko wa Bweri, mkono wa petroli umefunguliwa wote. Aliporudi akachomoa plagi mbili, akaziweka kiganjani. Zote rangi moja, ya chai ya maziwa.

"Umefanya nini?" Mwalimu akauliza. Ni mtu wa miaka sitini na saba, mwembamba, na hesabu bado zimo machoni.

"Nimeiongezea nguvu, Mwalimu. Sasa hata mtu inabeba."

Mwalimu akavua kofia. "Inabeba mtu? Yaani Mama Mugeta apande?" Akacheka peke yake, akamshika Luqmani bega. "Jumamosi nitasimama baada ya misa, mbele ya ukoo mzima, nikutaje jina. Niseme tumekuwaga na dhahabu hapa Nyasho hatujui. Mke wangu anaenda kwa mama yake na pikipiki, kwa sababu yako wewe!"

Luqmani aliipokea sifa hiyo kama mtu aliyepakatishwa sufuria la moto. Akatazama plagi kiganjani. Aibu ilimpanda tangu miguuni.

"Mwalimu, usinitaje."

"Kwa nini nisikutaje?"

"Sijaongeza kitu. Nimerudisha." Akamwambia yote: namba mbili, sheria ya mapacha, kopo, Enos na mke wake mwenye muwa. Hakuruka kitu. Alipomaliza, Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kile kiti cheusi bila kujua amekaa wapi.

"Kwa hiyo," Mwalimu akasema polepole, "jibu la kwanza lilikuwa sahihi. Wewe ukalisahihisha."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mwanafunzi akifanya hivyo nilikuwaga namwita ubaoni, aeleze mbele ya wenzake." Akasimama, akavaa kofia yake. "Ubao wako uko kwangu nyumbani. Mama Mugeta utamwambia mwenyewe. Mimi sitakusaidia hata neno moja."

Jioni ileile Luqmani aliikata ile miguu ya nondo kwa msumeno, akafuta ngozi kwa kitambaa chenye mafuta, akakibeba kiti kwapani mpaka Mwisenge, kwa Mwalimu. Mama Mugeta alikuwa barazani anachambua dagaa kwenye ungo.

"Karibu Fundi. Leo umeniletea zawadi ya kiti?"

"Shikamoo Mama Mugeta. Ni kiti chako. Nimekuja kukirudisha na kusema kosa langu."

Alichuchumaa, akasema. Mwanzoni mikono ya Mama Mugeta iliendelea na kazi, dagaa huku, mchanga kule. Katikati ya maelezo ikasimama. Mwalimu alikuwa mlangoni, na kweli hakusaidia hata neno.

"Ile siku," Mama Mugeta akasema, "tungepanda wote, tungefika saa ngapi?"

Angeweza kusema hajui. "Saa tatu kasoro, Mama."

"Mama yangu alikata roho saa nne kasorobo."

"Najua."

"Alikuwa ananitaja. Anamwambia huyu baba, huyu mkwe wake, vitu vya kuniambia mimi. Mpaka leo sijui kama alikumbuka vyote."

Mwalimu pale mlangoni akainamisha kichwa. Luqmani akatamani atukanwe, yaishe. Hakutukanwa. Mama Mugeta alikasirika, na ilionekana wazi amekasirika, ila hasira yake ilikuwa ya nesi: ya sauti ya chini, yenye maelekezo.

"Nilikuuliza, Fundi. Ya mtu mmoja na viti viwili? Ukanijibu viti ni urembo."

"Nilikujibu hivyo."

"Na hao mapacha wako. Mimi nimepima mapacha kliniki miaka thelathini na moja. Yule dhaifu ndiye anatangulizwaga titi, tena anaongezewa. Ukiwapa sawasawa, unamzika mmoja. Mama yeyote hapa Musoma angekuambia hiyo. Ungeuliza tu. Nilikuwa nimesimama palepale."

Hilo ndilo lililomuuma Luqmani kuliko yote, kwa sababu lilikuwa kweli tupu. Mtu wa kumuuliza alikuwepo, tena ndiye aliyekuwa anauliza.

Mwalimu akashindwa kuvumilia. "Mama Mugeta, kosa moja haliachi mke."

"Kwani mimi nimemwoa?" akajibu mkewe. Akarudi kwenye dagaa. "Jumamosi kifunge hicho kiti. Utapanda wewe. Mimi nitaenda na gari, kama kawaida yangu. Mkifika Butiama bila kusukuma, ndiyo tutaongea."

Jumamosi asubuhi Luqmani alikaa kwenye kiti alichokalisha wateja miaka kumi na minne, safari hii barabarani, kilo zake tisini zote, magoti yamepanuka, begi la spana mgongoni. Hadi Makutano hakusema neno, na kwa Luqmani hiyo ni habari ya kutangazwa. Alikuwa anamsikiliza Doto. Walipofika kwenye kile kilima Mwalimu hakupunguza. Alifungua mkono. Luqmani akainama, akasogeza kiganja karibu na silinda ya nyuma, akangoja mlio wa kwanza wa kugonga. Hapa ndipo walipoanza kusukuma. Hapa ndipo mama wa watu alipovua viatu. Doto hakugonga. Alipanda na kaka yake, mpaka juu, sauti moja nzito isiyotetereka. Luqmani alifurahi kiasi cha kutaka kupiga kelele, na palepale akajisikia vibaya kwamba amefurahi.

Mama Mugeta alifika saa nne na nusu, vumbi kichwani. Akamtazama Luqmani, akatazama pikipiki, akapita kwenda kusalimia watu. Mbuzi alichinjwa na Luqmani, kama ilivyo desturi shughuli zikiwa za watu wa dini mchanganyiko, ili kila mgeni ale. Misa ikasomwa, kaburi likawekewa maua. Mama Mugeta alibaki pale kaburini peke yake kitambo, watu wakamwacha. Baadaye chakula. Mwalimu alisimama akashukuru ukoo, majirani na waliosafiri. Fundi hakumtaja, na Luqmani, mtu wa kupenda kutajwa, alishusha pumzi.

Saa tisa kasoro Mama Mugeta alitoka ndani. Alikuwa amevaa suruali chini ya gauni, kitenge kimefungwa barabara kiunoni, na kofia ngumu ya Luqmani mkononi. Wifi zake walitoka nyuma yake wakasimama mlangoni, walewale waliomwona akisukuma.

"Ilisukumwa?" akamuuliza Luqmani.

"Haikusukumwa, Mama."

"Iligonga?"

"Hata kidogo."

Akaivaa kofia. Ana miaka sitini na tatu, na goti moja halina ushirikiano, ikabidi Luqmani aishike pikipiki huku wifi mmoja akimpa bega. Alipokaa, alijisogeza mara mbili, akakipapasa kiti pembeni kama mtu anayekagua godoro.

"Kumbe ni kizuri," akasema. Akamshika mumewe kiuno. Kisha akaelekeza kidole kwenye mfuko wa salufeti uliokuwa ukutani, umejaa ndizi, mahindi na nyama iliyofungwa kwa majani. "Ule mfuko ni wangu, Fundi. Huku hautoshi. Utaniletea."

"Nitauleta, Mama Mugeta."

"Gari lipo pale stendi. Kaa upande wa kulia. Kushoto jua linachomaga sana saa hizi."

"Linaondoka saa ngapi?"

Mama Mugeta akakaza ukanda wa kofia. "Likijaa," akasema.

Mwalimu akaiwasha. Wakashuka kilima, kitenge kinapepea, na Luqmani akasikiliza mpaka Kulwa na Doto wakapotea wote wawili kwa pamoja. Akajitwika mfuko begani, akaenda stendi. Gari lilikuwa na abiria watatu. Akakaa kulia, akaupakata mfuko wa Mama Mugeta, akangoja lijae.